Mandhari ya Njia ya Misafara na Maneno Yake: Kutoka Bagamoyo hadi Lualaba

1. Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili katika Katanga hakosi kukutana na insha ya namna moja. Mwanafunzi ametakiwa aeleze mandhari ya nchi yake, naye anaandika juu ya minazi inayopepea, upepo wa kusi na mvua za vuli. Sarufi yake ni nzuri, na maneno yote aliyotumia yamo katika kamusi. Lakini Lubumbashi si nchi ya minazi, vuli haijulikani huko, na bahari iliyo karibu zaidi iko zaidi ya kilometa 1,000. Mwanafunzi huyo hakukusudia kudanganya. Amesema kweli, ila ni kweli ya mahali pengine.

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya jambo hilo. Hoja yetu ni kwamba maneno mengi ya Kiswahili yanayotaja mandhari ni maneno ya safari. Yalipata maana yake ufukoni, yakabebwa na misafara kuingia bara, na kila yalipokabiliana na nchi mpya yalifanya moja kati ya mambo matatu: ama yalibaki kama yalivyo huku sababu yake ikisahauliwa, ama yalibadili maana, ama yaliliachia nafasi neno la wenyeji. Ili kulionyesha hilo, tutaifuata njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora na Ujiji, kisha kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema na mto Lualaba. Ndiyo njia iliyokileta Kiswahili kwetu. Mwishoni tutarudi Katanga, mahali swali lilipoanzia.

2. Pwani: nchi inayopimwa kwa maji

Mtu anayetoka bara kwa mara ya kwanza hustaajabia ukubwa wa bahari. Akikaa siku mbili, hustaajabia jambo jingine: bahari haikai mahali pamoja. Katika Unguja na mwambao unaoielekea, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia karibu meta 4 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Upande wa mashariki wa kisiwa, maji yakipwa, mchanga na miamba ya matumbawe hutokea hadi mbali sana, na wanawake hutembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi palipita ngalawa. Baada ya saa sita hivi maji hurudi.

Hapo ndipo neno *pwani* linapoeleweka. Limetokana na kitenzi *kupwa* na kiambishi cha mahali *-ni*: ni mahali panapopwa maji. Kwa hiyo pwani, kwa asili yake, si mstari unaogawa nchi na bahari kama tunavyouona katika ramani. Ni eneo ambalo kutwa mara mbili ni la bahari, na mara mbili ni la watu.

Hali kadhalika kwa majira na pande za dunia. Pepo mbili kuu hutawala mwambao: kaskazi, ivumayo takriban Desemba hadi Machi, na kusi, ivumayo takriban Aprili hadi Septemba. Kwa kaskazi vyombo vilikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi; kwa kusi vilirudi. Upande wa upepo wa kwanza ukaitwa kaskazini, na upande wa upepo wa pili ukaitwa kusini. Msemaji wa Lubumbashi anayesema kwamba Likasi iko kaskazini-magharibi mwa mji wake anataja, bila kujua, upepo wa mabaharia. Hili ni neno la kundi la kwanza: limefika lilivyo, na sababu yake imebaki nyuma.

Neno *bara* nalo ni la mtu aliyesimama ufukoni. Watu wa Unguja waliuita Mrima ule mwambao unaowaelekea. Na nyuma ya Mrima kulikuwa bara, nchi kavu isiyojulikana mwisho wake. Kwa msafiri wa pwani, Tabora ni bara, Ujiji ni bara, Kasongo ni bara. Lakini mtu wa Kasongo aseme anaishi bara kuhusiana na nini? Kwake neno hili limebaki zaidi na maana pana, kama tunaposema bara la Afrika. Tutaona kwamba suala la mahali anaposimama msemaji hurudi katika kila hatua ya njia hii.

3. Nyika na majina makali

Msafara ulipotoka Bagamoyo ulivuka kwanza bonde la mto Ruvu, nchi ya chini, yenye unyevu na joto. Kisha ulipanda milima ya Usagara, yenye mabonde ya kijani na vijito vya maji baridi. Baada ya Mpwapwa, nchi hubadilika ghafla. Milima huzuia sehemu kubwa ya unyevu utokao baharini, na upande wake wa magharibi kuna Ugogo, uwanda mkavu upatao mvua ya milimeta 500 hadi 600 hivi kwa mwaka. Miti ni ya miiba, udongo ni mwekundu, na mibuyu husimama mmoja mmoja, minene, haina majani kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo nyika.

Richard Burton na John Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, waliandika majina mawili ya sehemu hii waliyoyasikia kwa watu wa misafara. Kati ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa Marenga Mkali, mahali pakavu pa kuvukwa kwa haraka. *Marenga*, au *malenga*, ni maji katika lugha za huko. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa Mgunda Mkali, yaani shamba kali, pori refu lililokuwa na watu wachache na visima vichache. Nomino zote mbili ni za wenyeji, na sifa *-kali* inapatikana katika Kiswahili na katika lugha jirani vilevile. Zaidi ya hayo, msomaji atatambua kwamba katika jina la kwanza upatanisho umevunjika: mtu wa sarufi angetazamia *marenga makali*. Jina hili halikutungwa na mwanasarufi. Lilitungwa na wapagazi wa makabila mbalimbali waliohitaji kuonyana juu ya kiu.

Tunapata hapa funzo la kwanza la mandhari. Msafiri wa leo anayepita Dodoma kwa basi hutazama mibuyu na kusema kuwa nchi inapendeza. Mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 kichwani aliipima nchi ile ile kwa umbali wa kutoka kisima hadi kisima. Majina aliyoiachia ni majina ya tahadhari. Wala tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wakishushwa pwani wauzwe pamoja na pembe za ndovu. Hao hatuna majina yao, na hatujui nchi hii waliiitaje.

4. Unyamwezi: miombo na mbuga

Baada ya Mgunda Mkali, miiba huisha na msitu mwepesi huanza. Miti si mirefu sana, vilele vyake ni bapa, na jua hupenya hadi kwenye nyasi. Wataalamu wa mimea duniani kote huuita msitu wa miombo, kwa neno walilolichukua katika lugha za Kibantu za eneo hili. Bahari haikulipa neno hilo, wala Kiswahili cha pwani hakikuwa na sababu ya kulibuni. Ni mfano bora wa kundi la tatu: neno la wenyeji lililobaki kwa kuwa msafiri hakuwa na jingine.

Jambo lililo zuri kupita yote katika miombo hutokea Septemba na Oktoba. Kiangazi hakijaisha, ardhi ni kavu, majivu ya moto wa nyasi bado yanaonekana, na hata tone moja la mvua halijaanguka. Hata hivyo miti huchipua. Majani machanga hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, na baadaye ndipo huwa ya kijani. Msafiri wa pwani, aliyezoea kuona majani yakifuata mvua, huona hapa majani yanayoitangulia.

Katikati ya misitu hiyo kuna mabonde mapana yasiyo na miti, yenye udongo mweusi unaojaa maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Watu wa magharibi ya Tanzania huyaita mbuga. Lakini neno *mbuga* katika Kiswahili cha magazeti limekwenda mbali na maana hiyo: limekuwa uwanda wowote wa nyasi, hata likatumika kwa hifadhi ya wanyama. Msomaji anayekuta neno hili katika masimulizi ya safari za kale akafikiria simba na watalii atapotea. Mpagazi aliyesema kuna mbuga mbele alimaanisha matope hadi magotini.

Tabora iko katika mwinuko wa meta 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Ndio mwinuko wa Lubumbashi. Miji yote miwili ina majira mawili makubwa, mvua kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na kiangazi kirefu. Yote miwili ilijengwa katika nchi ya miombo. Kwa hiyo si ajabu kwamba Msiri, aliyetoka Unyamwezi kufuata shaba na pembe, aliweza kujenga Bunkeya na kutawala Katanga hadi alipouawa mwaka 1891. Kwa macho ya mtu wa Unguja, Bunkeya ilikuwa mwisho wa dunia. Kwa macho ya Myamwezi, ilikuwa nchi ya miti anayoijua.

5. Ziwa lisilopwa kwa saa

Magharibi ya Tabora msafiri huvuka mpaka ambao macho hayauoni. Mvua inayoanguka huko huingia mto Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Kutoka ziwani, maji hutoka kwa mto Lukuga, penye mji wa Kalemie, yakaingia Lualaba, yakawa mto Kongo na kufika Atlantiki. Kwa maneno mengine, msafara ulipokuwa bado siku nyingi mashariki ya Ujiji, ulikuwa umekwisha kuingia katika bonde la Kongo. Pwani ambayo maji haya huifikia iko Muanda, mwambao mfupi wa kilometa 40 hivi, ambako watu husema Kikongo. Lugha yetu ilipanda kutoka bahari moja, na maji yetu hushuka kwenye bahari nyingine.

Karibu na ziwa, alama nyingine ya nchi hutokea: mchikichi. Pwani, mti wa mafuta ni mnazi. Ujiji na Kigoma, mti wa mafuta ni mchikichi, na mafuta yake mekundu ni mawese, neno ambalo kila mama sokoni Kalemie, Bukavu na Kisangani analitamka. Mtu akitaka kujua mahali pwani inapokwisha kwa kweli, atazame chungu: tui likitoweka na mawese yakatokea, ameingia nchi nyingine.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha karibu meta 1,470; ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal. Uso wake uko meta 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima hushuka moja kwa moja majini, na asubuhi ya kiangazi upande wa Kongo huonekana kutoka Kigoma kama ukuta wa buluu. Wasafiri wa pwani walilikuta lina mawimbi, dhoruba na mitumbwi mikubwa, wakalitumia kwa maneno ya bahari: *tanga*, *bandari*, *ng'ambo*. Neno *ng'ambo* lilisafiri vizuri, kwa sababu halihitaji chumvi. Linahitaji maji tu na upande wa pili. Lakini mahali pa kupakulia samaki, ambapo mvuvi wa Unguja hupaita *diko*, mvuvi wa Kigoma hupaita *mwalo*.

Je, twaweza kusema pwani ya Kalemie? Mtu mwenye kushika asili ya neno atakataa, kwani ziwa halina maji kupwa na maji kujaa. Historia hata hivyo inatuonya tusiwe wepesi. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliikuta Lukuga imezibwa na majani na matope, na ziwa likipanda. Karibu na mwaka 1878 kizuizi hicho kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa meta kadhaa. Mahali panapokumbukwa kwamba Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871 leo pako mbali kidogo na maji. Kisha mwaka 2024 maji yalipanda tena, yakaingia katika nyumba na barabara za Kalemie na Uvira, na watu wengi walihama. Ziwa halipwi kwa saa, bali hupwa na kujaa kwa miaka. Aliyejenga nyumba penye mchanga akidhani maji hayatarudi amelijua hilo kwa hasara.

6. Manyema: pori kubwa na mto unaokwenda kaskazini

Ng'ambo ya ziwa, njia ilipanda milima, ikashuka taratibu hadi Manyema, na kufika Kasongo na Nyangwe kwenye ukingo wa Lualaba. Hapa miombo na nyasi huanza kukutana na msitu mkubwa wa ikweta. Mtu wa pwani alikuwa na neno *msitu* na neno *mwitu*, lakini alizoea vichaka ambavyo mwisho wake huonekana. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, neno lililoenea ni *pori*. Pwani, pori ni nchi isiyolimwa wala kukaliwa. Kwetu limechukua hata ule msitu mnene ambamo adhuhuri hufanana na jioni. Hili ni neno la kundi la pili: umbo ni lile lile, nchi iliyomo ndani yake ni nyingine.

Wageni nao waliibadilisha nchi. Walileta mpunga, uliofaa sana katika mabonde ya Manyema, na wakapanda miembe katika vituo vyao. Mandhari ambayo leo mtu huyaona kuwa ya asili, mwembe mkubwa penye kivuli cha mkutano na shamba la mpunga kando ya mto, ni maandishi ya misafara juu ya ardhi.

Maandishi mengine yaliandikwa kwa damu. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akiwa Nyangwe, watu wa wafanyabiashara waliotoka mashariki walifyatua bunduki katika soko lililokuwa limejaa, hasa wanawake, na mamia walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Ukingo ule wa Lualaba ni mpana na wa kupendeza. Anayeueleza bila kutaja soko lile ameeleza nusu. Wageni waliitana waungwana, na wenye nchi wakawaita washenzi. Kutokana na neno la kwanza lugha yetu ikapata jina la Kingwana. Kwa hiyo yule aliyesimama ufukoni na kuiita nchi nzima bara hakutoa jina la mahali tu. Aliwapanga pia watu waliokaa huko.

Kutoka Nyangwe, mto huelekea kaskazini hadi maporomoko saba ya Boyoma, juu ya Kisangani, ambako Wagenia huvua kwa mitego ya vikapu iliyofungwa kwenye nguzo katikati ya maji ya kasi. Tippu Tip, aliyefanywa liwali wa eneo hilo mwaka 1887, alisimulia safari zake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi akiyasoma ataona kwamba mfanyabiashara yule hakukaa sana kusifu nchi. Anataja siku za mwendo, vyakula, mito ya kuvuka, pembe. Mandhari yamo, lakini yamo ndani ya hesabu.

7. Kurudi Katanga

Sasa tumrudie mwanafunzi wetu. Ana nini cha kueleza? Ana upepo wa Juni na Julai, ule wa kusini-mashariki, ambao ni wa ukoo mmoja na kusi ya pwani. Ila huku hufika mkavu, ukaleta baridi ya asubuhi na vumbi jekundu. Ana majani ya shaba ya Septemba. Ana mabonde yenye maji ambayo hapa hayaitwi mbuga bali *dembo*. Ana vichuguu vinavyofikia meta 5 na zaidi, ambavyo udongo wake umefyatuliwa matofali ya nyumba nyingi za Lubumbashi. Ana vilima vya shaba visivyo na miti, kwa kuwa udongo wake ni sumu kwa mimea mingi, na ambavyo wachimbaji wa kale walivitambua kwa maua machache yanayostahimili sumu hiyo. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kuazimwa Unguja.

Ana pia huzuni ya nchi hiyo. Kuzunguka Lubumbashi, miombo imekatwa kwa makumi ya kilometa kwa ajili ya kuchoma kuni ziwe *makala*. Msomaji wa pwani, ambaye kwake makala ni maandishi kama haya na gunia lile lina mkaa, atashangaa. Lakini mama anayepika Lubumbashi hana shaka juu ya neno hilo. Miti ikiisha, majina ya miti nayo huisha, pamoja na majina ya uyoga na viwavi wa kuliwa wanaoitegemea.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno ya mandhari yalitembea pamoja na watu, na kwamba kila neno lina mahali liliposimama mara ya kwanza. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mwalimu anapofundisha *pwani*, *kusi*, *nyika* au *mbuga*, aeleze na nchi iliyolizaa neno, ili mwanafunzi asome maandishi ya mwambao kwa ufahamu. Pili, *dembo*, *makala* na *pori* kwa maana zake za huku yasifutwe kwa wino mwekundu kana kwamba ni makosa. Ni hatua za safari ile ile.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara katika orodha yake ya awali ya mahali pa kupendekezwa kuwa urithi wa dunia, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Katika orodha ile njia inakoma ukingoni mwa ziwa. Sisi tunajua kwamba haikukoma hapo. Vituo vya ng'ambo, yaani barabara ya Kabambare, Kasongo na Nyangwe, bado vina wazee wanaojua kila kijito na kila kilima kinaitwaje na kwa nini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali. Achukue daftari, avuke, aulize.